Kovu Limehamia Kulia

Ibadakuli,
9 Machi 2023

Wewe Selestine,

Nani alikupa ruhusa ya kunitia macho mekundu? Nijibu hilo kabla hujanisalimia. Nimekulea kwa uji wa mtama na michembe ya viazi, nimekubeba mgongoni hadi zahanati ulipougua surua, nimekuvumilia ulipochapa picha ya mbuzi kwenye shuka langu jeupe kwa kiazi kilichochovywa masizi. Leo unanilipa kwa kunichora kama mchawi na kunitawanya duniani. Huna haya.

Haya, salamu. Mimi nipo. Shangazi yako Rosemary wa Kambarage anakusalimu, mguu wake umepona, duka lake la vitenge linakwenda. Mvua inatubania, mahindi yamejikunja majani. Mbwa wetu Askari hajambo, ila siku hizi anabweka kupita kiasi. Jirani yangu Generoza anakusalimu pia, yule mama wa Ushirombo uliyekuwa ukimwibia mapera. Bado anasali rozari kwa sauti kama anayegombana na Mungu.

Sasa sikiliza. Amosi wa Deusdedit amekufa. Ndiyo, Amosi mliyekuwa mkicheza naye mpira wa makaratasi hapo uwanjani kwangu. Alikuwa anachimba dhahabu huko huko kwenu Geita, shimo likamfukia. Wameleta maiti, tumezika. Nililia, nilipeleka mtama, nilikaa matangani kama mtu mwenye watu.

Siku ya kuanua tanga wakafungua begi lake ili nguo zigawiwe. Katikati ya mashati ikatoka karatasi imefungwa ndani ya nailoni. Uso wa kikongwe. Mweusi, mikunjo yote, kitambaa kichwani, kovu shavuni. Na macho mekundu kama makaa. Deusdedit akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.  Waliokuwa karibu wakashusha matonge, halafu na waliokuwa mbali. Nikanyanyuka nimeacha chakula kwenye sahani, mimi ambaye sijawahi kuacha chakula msibani tangu nizaliwe.

Uliniambia picha uliyonichora iko Mwanza kwenye maonyesho, ukutani, wakubwa wanaitazama na soda mkononi. Imefikaje kwenye begi la Amosi?

Sikupigii simu. Masikio yangu yanataka simu ipige kelele, na sasa hivi sitaki mtu asikie. Barua hii anaibeba Onesmo wa kwenye basi, na jibu mpe yeye, si mwingine. Nimeiandika mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima huku nikimnyonyesha baba yako. Usizicheke.

Watoto wanaopita kwenda kisimani hawaniamkii tena. Wanashika njia ya upande wa pili. Hilo tu nakwambia.

Jibu upesi.

Bibi yako,
Mageni


Katoro,
27 Machi 2023

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako zote, maana ya kwako imenichapa kwa mikono miwili. Mimi ni mzima. Shuleni tunaendelea. Darasa langu la sanaa limepata wanafunzi wengi mwaka huu, wengine wamekuja kwa sababu wamesikia hakuna hesabu. Hatuna patasi za kutosha, kwa hiyo wanachonga kwenye soli za kandambili zilizochakaa kwa nyembe walizofunga kwenye vijiti. Mashine ya kuchapia hatuna. Tunapaka wino kwenye kibao, tunalaza karatasi juu, halafu tunasugua kwa mwiko. Mwiko wenyewe ni ule ulionipa nilipokwenda chuo cha ualimu, ukasema nikishindwa kufundisha nikapike. Umeng'aa kwa kusugua kuliko ulivyong'aa kwa ugali.

Pole sana kwa msiba wa Amosi. Nilisikia.

Kuhusu macho, Bibi, wekundu ule ni moshi. Nilipokaa kuchonga uso wako nilikukumbuka jikoni, umeinamia moto wa mabua ya pamba na samadi kavu, unafuta machozi kwa kiganja na kunifokea nisogee. Nikataka mtu akitazama picha aone moshi uliotulea. Ndiyo maana nilichonga vibao viwili: kikubwa cha wino mweusi, na kingine kidogo cha macho peke yake. Mwalimu mmoja kule Mwanza alisema rangi ile ndiyo inayoifanya picha ipumue.

Picha zinasafiri, Bibi. Kibao kimoja kinatoa karatasi nyingi, na karatasi ikishatoka huwezi kujua itaishia wapi. Usiogope. Watu wa siku hizi wamesoma. Wakishamaliza majonzi watasahau.

Msalimie Mama Generoza, mwambie mapera yake bado yananidai. Na umkune Askari nyuma ya sikio, pale anapopenda.

Mjukuu wako,
Selestine


Ibadakuli,
6 Aprili 2023

Selestine,

Umejibu yote isipokuwa nililokuuliza. Nimekuuliza karatasi ilifikaje kwa Amosi, wewe unanieleza habari za kandambili. Ndivyo unavyowafundisha watoto wa watu? Mwanafunzi akiulizwa moja na mbili, ajibu habari za mwiko?

Marahaba. Shangazi yako anakusalimu. Mvua imenyesha mara moja, ikaona haya, ikaacha. Salamu zako kwa Askari hazikumkuta. Usiniulize.

Unasema watu wamesoma. Aliyesoma ndiye huyo Deusdedit, amekwenda na karatasi yako kwa mganga mmoja ng'ambo huko, akarudi na uso uliofungwa. Sijui aliambiwa nini, kwa sababu hakuna anayeniambia kitu. Nafika kisimani, maneno yanakatika. Naweka ndoo yangu kwenye foleni, ndoo nyingine zinasogea zenyewe kama zina miguu. Jana nilimwambia binti mmoja, mama yake nilimzalisha kwa mikono hii, nikamwambia, "Wewe, siku hizi huna shikamoo?" Akatazama chini, akasema, "Bibi, nimekatazwa nisikutazame usoni."

Nimekatazwa. Mimi!

Macho yangu ni mekundu, ndiyo. Nionyeshe kikongwe wa Usukuma mwenye macho meupe nikuonyeshe mwanamke asiyepika. Lakini hapa kwetu, mtoto wewe, macho mekundu ya mwanamke mzee hayaitwi moshi. Wapo walioondoka duniani kwa macho hayo. Ulikua hapa. Ulisikia tulipokuwa tukinong'ona. Chuo kimekusahaulisha nini?

Rosemary anataka nihamie kwake Kambarage. Nimekataa. Mwenye kukimbia amejihukumu, na nyumba hii niliipigia udongo mwenyewe babu yako akiwa kwenye pombe. Ila sasa nalala na viatu mguuni. Viatu vigumu vile vya kanisani.

Ni Generoza tu anayekwenda nami kisimani. Anatembea mbele na rozari yake, ananiambia, "Mageni, nyoosha shingo, tusionekane kama kuku walioloa." Angekuwa si mtu wa kuja hapa angekuwa malkia.

Sasa amri. Kichome kibao. Chukua mafuta ya taa, kichome mpaka majivu, na uniandikie kwamba kimeungua. Na safari hii ujibu nililouliza.

Bibi yako


Katoro,
14 Mei 2023

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimehama chumba nilichokuwa napanga, na mambo yakavurugika kidogo. Sasa nakaa kwa mwalimu mwenzangu. Ukimwona Onesmo mwambie barua zangu aziache kwa mlinzi wa shule, asizilete stendi tena.

Natumaini wewe na shangazi hamjambo. Nimeumia kwa Askari. Siulizi.

Nitakujibu ulichouliza.

Picha yako ilipokaa Mwanza watu waliisifu sana. Walisimama mbele yake, wakainamisha vichwa, wakaandika majina yao mlangoni, wakaenda zao. Hakuna aliyeichukua kwenda nayo nyumbani. Nikarudi nayo Katoro, nikatoa nakala chache kuwaonyesha wanafunzi, nikazitundika darasani kwenye kamba zikauke. Akapita mtu anaitwa Apolinari. Ni mpambe wa mganga mmoja, anawauzia wachimbaji dawa za kufungua mwamba. Akasimama dirishani muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, huyu bibi anaona chini." Akaomba moja. Baada ya wiki akarudi anataka nyingine, na nyingine.

Nilikwenda siku moja machimboni na wanafunzi kuchora. Bibi, uso wako ulikuwa kwenye mlango wa kila duara. Ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, maduara. Umegongomelewa kwenye nguzo, na mchimbaji kabla hajashuka anaugusa paji la uso. Vijana wenye tope mpaka kwenye kope, hawana chochote, na wametundika kazi yangu. Miaka yote nimefundisha sanaa kwa watu wanaoniuliza itawasaidia nini. Siku ile hakuna aliyeniuliza.

Nilijua wanaifanya dawa. Nilijua, na nikaendelea kuchapa.

Sasa maduara mawili yamebomoka, na waliokuwa wanaugusa uso wako wanasema ndio unaowaua.

Kibao nimekichoma kama ulivyoagiza. Kimeungua chote.

Usitoke peke yako. Nenda kwa shangazi, tafadhali. Nakuomba kwa magoti.

Selestine


Ibadakuli,
25 Mei 2023

Mume wangu Selestine,

Leo nakuita mume kwa sababu nina furaha, usizoee. Shangazi yako mzima. Mtama tumevuna kidogo. Mengine ya barua yako nitakusema ukija, tena nimeshachagua fimbo. Ngoja kwanza nikupe habari za bibi yako.

Jumapili mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano kiwanjani. Sungusungu walikuwepo na marungu yao, wanawake upande wao, watoto juu ya ukuta. Deusdedit akasimama na ile karatasi. Akasema, "Mwanangu alikufa na uso wa mtu wa hapa mfukoni. Nataka kujua uso huu ulikuwa unamfanya nini." Hakunitaja. Hakuhitaji. Vichwa vyote viligeuka kwangu kama alizeti.

  Nikawaza, nikikaa kimya leo, sitafika kuvuna viazi. Nikanyanyuka.

Nikasema, "Leta hiyo karatasi." Nikaishika hapa kando ya shavu langu, wote waone. Nikawauliza, "Kovu langu hili nililochomwa pembe na ng'ombe wa baba yangu, liko shavu gani?"

Wakasema, "Kushoto."

"Na la kwenye karatasi?"

Wakasogea kuitazama. Halafu mtoto mmoja juu ya ukuta akapiga kelele, "Kulia!"

"Kulia," nikasema. "Basi mimi na huyu tunafanana uzee tu. Nani ameona kovu linahama shavu? Kamtafuteni mwenye nalo, mimi niachieni nikapike." Watu wakacheka! Hata kamanda wa sungusungu alicheka akafuta jicho. Mwenyekiti akafunga mkutano. Nimerudi nyumbani nimenyoosha shingo kama twiga.

Sijui ulikoseaje shavu, fundi mzima, lakini kosa lako limeniokoa. Asubuhi yake yule binti wa kisimani ameniamkia. Nimeitikia marahaba hadi uwanja wa ndege wamesikia.

Usiku nimevua viatu.

Generoza hakuja kisimani leo, wala jana. Labda ni kifua chake.

Bibi yako


Katoro,
2 Juni 2023

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Nilicheka uliposimama mbele ya wale wenye marungu. Halafu nikaacha kucheka.

Sikukosea shavu. Nilichonga kovu kushoto, kama lilivyo. Lakini karatasi ikilazwa juu ya kibao hugeuza kila kitu, kama maji yanavyogeuza uso. Cha kushoto hutoka kulia. Mchongaji anapaswa kuchonga kinyume ili kitoke sawa. Hilo ndilo somo la kwanza ninalofundisha kila Januari. Nawafokea watoto wa watu wanaochonga majina yao yakatoka yamepinduka, na mimi niliupindua uso wa bibi yangu nikautia fremu.

Bibi, nakumbuka kitu na naomba uniambie nakosea. Nilipokuwa mdogo nimepanda mpera wa Mama Generoza, alitoka akanisimamia chini, jua linampiga usoni. Alikuwa na alama ya kuungua. Alikuwa ameinua mkono wa kulia kuikinga na jua.

Niambie ilikuwa kushoto.

Na mimi nina yangu mawili ya kukuungamia, kwa sababu sina usingizi.

La kwanza. Amosi hakununua picha ile kwa Apolinari. Nilimpa mimi. Alikuja shuleni siku ya mapumziko, alikuwa ameiona machimboni akacheka peke yake. Akaniambia, "Hawa wote wanamgusa kama dawa, mimi huyu ni Bibi Mageni aliyekuwa akinipa matobolwa ya viazi nikitoka shule. Nipe moja ya kwangu. Nikiitazama nasikia harufu ya nyumbani." Hakuitundika kwenye duara. Aliiweka kwenye nailoni isiloe. Nilishindwa kukuandikia hili mwanzo. Nilishindwa kumwandikia hata baba yake.

La pili. Kibao sikukichoma. Nilimwaga mafuta ya taa, nikawasha kiberiti, nikakuona wewe pale kwenye mbao unanitazama, nikazima. Nimekificha. Apolinari anakitafuta, na wapo wachimbaji wanaomtafuta aliyekichonga. Nilikwenda kung'oa picha kwenye maduara, nikang'oa chache kabla hawajaniona. Wakanifuata hadi mlangoni kwangu usiku. Ndipo nilipohama.

Kovu la Mama Generoza liko shavu gani?

Selestine


Ibadakuli,
11 Juni 2023

Selestine,

Ulinidanganya kwamba umekichoma kibao. Kofi lako lipo, nimelitunza, litakukuta ukubwani kwako. Lakini safari hii ukaidi wako umefaa, na utajua kwa nini.

Shangazi yako anasalimu, analia kwenye simu mpaka simu inaloa. Pamba tunachuma. Viazi tunakatakata michembe, tunaanika juu ya paa, tuko wawili kwa hiyo kazi inakwenda.

Wawili ni mimi na Generoza. Anakaa kwangu.

Ni kulia. Aliungua kwa mafuta ya maandazi, mwaka alioletwa hapa kama mke. Utataka kuniuliza kama nililikumbuka hilo nilipokuwa nimesimama pale na karatasi shavuni. Usiniulize, kama mimi nisivyokuuliza waliokuja kwenye chumba chako walisema nini mlangoni.

Ila nitakwambia nilichokiona baadaye. Watu walipomaliza kucheka, waligeuka tena. Polepole, mmoja mmoja. Generoza alikuwa amekaa nyuma na rozari yake, alikuwa anacheka na yeye, anafurahi kwa ajili yangu. Akaona nyuso. Akapandisha kitenge mpaka shavuni. Nilimwona anakipandisha, Selestine, na niliondoka nimenyoosha shingo.

Siku ya pili mtama wake ulikuwa umekanyagwa wote. Siku nyingine akakuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye komeo la mlango. Mashemeji zake wakamwambia arudi Ushirombo, ambako hana hata kaburi la kumkaribisha. Hakuniambia. Nilikwenda mwenyewe kumgombeza kwa nini haji kisimani, nikamkuta ameketi ndani mchana kweupe, mlango amepigilia misumari kwa ndani. Akanifungulia kwa nyundo. Nikaanza kusema, akanikata, "Mageni, nyamaza, macho yangu ni mekundu kuliko yako, nilikuwa kwenye foleni tu." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikalichukua godoro lake kichwani, nikapita nalo katikati ya mtaa. Sasa jiko ni moja, moshi mmoja, macho manne mekundu. Na wote wawili tunalala na viatu. Kule kisimani hawaniamkii tena. Wametuchanganya, na ni haki watuchanganye.

Rosemary amekwenda polisi mjini kutoa taarifa, wamesema siku ya mkutano watakuwepo. Nami nimekwenda kwa mwenyekiti nikamwambia aite mkutano mwingine. Akasema, "Bibi, wewe umeshatoka, unarudi kutafuta nini?" Nikamwambia nimesahau kitu changu pale kiwanjani. Ameita. Ni Jumamosi hii.

Nitasimama nitasema uso ule ni wangu. Lakini neno langu pekee halitoshi, nimeshalitumia vibaya. Watasema kikongwe kigeugeu, leo kovu kulia, kesho kushoto. Lazima waone kovu likihama mbele ya macho yao. Kwa hiyo fanya hivi, na usiniongezee akili zako.

Panda basi la alfajiri Ijumaa, kaa karibu na Onesmo. Kibao usikiweke chini ya kiti wala kwenye buti, kipakate. Lete na kile kidogo cha macho. Lete wino mweusi na mwekundu, na karatasi, na mwiko wangu.

Jumamosi utafundisha pale kiwanjani kama unavyofundisha darasani. Utawaonyesha kibao, kovu kushoto. Utapaka wino. Halafu mwiko usiushike wewe. Mpe Deusdedit. Asugue mwenyewe, ainue karatasi mwenyewe, alione kovu limehamia kulia kwenye mkono wake. Akiwa ameishika hiyo karatasi, mwambie habari ya mwanawe. Mwambie Amosi alisema nini, neno kwa neno, na matobolwa yake usiyaruke. Hilo ulipaswa kumwambia baba wa watu siku ile ile. Utamwambia umepiga magoti, mbele za watu.

Halafu chukua kiazi, kikate, chonga mbuzi. Mbuzi wewe unamjua, ulimtia kwenye shuka langu. Mtie wino mwekundu, uwachapie watoto walioko juu ya ukuta, mmoja mmoja, kwenye viganja. Warudi kwa mama zao na mbuzi wekundu. Waone kwamba wekundu unatoka kwenye kopo.

Sijui kama watasikia. Wengine watasikia na wengine wana mioyo kama jiwe la kusagia. Naogopa, Selestine. Neno hilo nimeliandika leo, sitaliandika tena, na wewe ukilisoma ulifute.

Hao wanaokutafuta huko, ukishatoka hapa tutakwenda nao kwa mpango mwingine. Shule wape taarifa, usitoroke kama mwizi. Mwalimu anaaga.

Na jambo la mwisho ndilo la kwanza kulifanya. Ukishuka usije kwangu kichwa chini kwa njia ya nyuma. Pita katikati ya mtaa, saa ambayo watu wako nje. Generoza nitamketisha mlangoni, bila kitenge usoni. Usinisalimie mimi. Simama mbele yake, vua kofia, mwambie shikamoo kwa sauti, mtaa mzima usikie, na usiondoke pale mpaka aitikie.

Bibi yako,
Mageni